Siku Nilipoipaka Mashine Mafuta ya Mwali

Ndugu wasomaji wa gazeti hili, mniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazokosea. Shule nilisoma miaka minne tu, kwa wamisheni kule Masasi, na tangu nitoke huko mkono wangu umezoea kopo la mafuta kuliko kalamu. Ninaandika polepole. Nikianza mstari mama anabandika mbaazi, nikiumaliza mbaazi zimeiva. Na madoa mtakayoyaona pembeni mwa karatasi si uchafu wa nyumbani kwetu. Ni mafuta ya nyonyo, na habari ya mafuta ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Sisi wa Newala tunakaa juu na maji yanakaa chini. Wanawake huteremka na mitungi kabla jua halijatoka, na wakirudi, jua limekwisha kupanda kuliko wao. Mgeni akija kwetu hupewa kiti upesi, lakini maji ya kunawa huulizwa kwanza kama anayahitaji kweli. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji, tulipotoka vichakani tulikokuwa tukichimba ming'oko, ile mizizi ya porini, ili tusife njaa, mama yangu aliteleza kwenye mteremko huo akiwa na mtungi kichwani. Mtungi ulivunjika, na bega pia. Bega lilipona vibaya. Anaweza kulima kidogo, anaweza kubeba mtungi mdogo, lakini mchi hawezi kuuinua kupita kifua.

Kwetu mwanamke asiyeweza kutwanga hula kwa kuomba. Majirani walimsaidia, sisemi hawakumsaidia, lakini alikuwa akirudi na unga wake akiwa ameinamisha macho. Mimi nilikuwa kijana mzima, nimekwisha kutoka jandoni, na kijana kushika mchi ni kichekesho. Basi nikawa natwanga ndani ya nyumba, mlango nimeufunga. Nilidhani hakuna anayejua. Siku moja jirani mmoja, mwanamke mwenye mdomo mpana na moyo mpana zaidi, akasimama uani akauliza kwa sauti kubwa:

"Mama, mkwe mmempata lini? Mbona anatwanga kama anaua nyoka?"

Nilikaa ndani mpaka jioni.

Kisha mashine ikaja. Mhindi mwenye duka hapa Newala, ambaye sisi sote tulimwita tajiri, aliinunua kuukuu kutoka shamba moja karibu na Lindi. Ilivutwa kwa kamba na watu wengi, kwa ngoma na nyimbo, ikakaa njiani siku nyingi mpaka wengine wakasema imekufa. Ilikuwa pipa kubwa la chuma lililolala juu ya magurudumu manne, moto tumboni, bomba la moshi mbele, na gurudumu moja kubwa ubavuni. Kutoka gurudumu hilo mkanda mrefu wa ngozi uliingia katika banda, ukazungusha mawe mawili ya kusagia. Masharti ya tajiri yalikuwa mepesi: kila mwanamke alete kikapu cha nafaka na mtungi mmoja wa maji. Maji yananywewa na mashine, nafaka inasagwa, na tajiri anabaki na vibaba vichache vya unga wa kuuzia misafara.

Mama alikuwa wa kwanza kuleta kikapu. Alirudi nyumbani na unga kichwani, macho yakitazama mbele. Njia nzima aliwaamkia watu, hata wale ambao hawakumwona.

Fundi alikuwa Myao wa Masasi, mtu wa kanzu safi na maneno mengi. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka kwake.

"Mchukue huyu mpwa wangu," mjomba alisema. "Hatakuchosha kwa maneno."

Fundi akanitazama. "Kwani anasema?"

"Akilazimika."

"Basi atafaa. Mmakonde asiyesema! Huyu ni wa kuwekwa kabatini, asiharibike."

Wayao na sisi tunataniana, kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Nikapewa kopo la mafuta, na nikaonyeshwa kitu kilichokaa juu ya mashine, ambacho mpaka leo nakipenda kuliko vyote vilivyomo.

Kilikuwa kijiti cha chuma kilichosimama wima, kinazungushwa na mashine yenyewe. Kwenye kijiti hicho ilining'inia mikono miwili, na mwisho wa kila mkono kulikuwa na mpira wa chuma, mkubwa kama chungwa. Chini ya mikono kulikuwa na bangili iliyokizunguka kijiti, na bangili hiyo iliunganishwa na mlango mdogo unaopitisha mvuke. Fundi alikiita akida, kama wale maakida wa Wajerumani, kwa kuwa kazi yake ni kuamrisha.

"Ila akida huyu hapigi mtu," alisema kwa sauti ya chini, akatazama nyuma kwanza.

Mimi sikuelewa kinavyofanya kazi. Fundi akaomba vibuyu viwili vidogo kwa wanawake, akavifunga kamba, akanipa kimoja kila mkono. "Zunguka," akasema. Watu walikuwa wengi. Nilitamani mashine initafune. Lakini nilizunguka, na vibuyu vikainuka, vikaivuta mikono yangu juu pande zote mbili.

"Haraka zaidi!"

Vikapanda zaidi.

"Sasa taratibu."

Vikashuka.

"Umeona?" fundi akasema. "Mashine ikikimbia kupita kiasi, mipira inapanda kama vibuyu vyako. Ikipanda inaivuta bangili, bangili inasukuma mlango, mvuke unapungua, na mashine inatulia. Ukimwaga nafaka nyingi, mawe yakawa mazito, mashine inachoka, mipira inashuka, mlango unafunguka, inapata nguvu tena. Hakuna mtu anayeishika. Inajishika yenyewe."

Yule jirani wa mdomo mpana akapiga makofi. "Zunguka tena mwanangu, tulikuwa hatujakuona!"

Usiku huo sikulala mapema. Nilikuwa nikifikiri kwamba duniani kuna kitu cha chuma ambacho kazi yake yote ni kusema taratibu, na hakisemi kwa mdomo. Niliona tutaelewana.

Na tulielewana. Miezi mitatu mashine ilisaga vikapu ishirini na vinne kwa siku kwa mitungi kumi na minane ya maji, si zaidi. Ikawa kawaida yetu. Kisha mambo mawili yakatokea pamoja: mafuta ya mashine yaliyotoka Lindi yakaisha, na fundi akaitwa Masasi kwenye harusi ya dada yake. Mchukuzi aliyetumwa Lindi kuleta mafuta mengine alikuwa hajarudi.

"Mjomba wako atatia kuni, wewe utashika mvuke," fundi aliniambia. "Na huyu akida, mpake mafuta ya nyonyo mpaka nirudi. Nyonyo, umesikia?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nikaenda nyumbani nikamwomba mama nyonyo.

Mama akaacha kupepeta. "Nyonyo za nini?"

"Za kumpaka akida."

"Nyonyo tunapaka ngozi za ngoma na vidonda vya mbuzi. Yule anayetusagia unga tumpake nyonyo? Watu watatuonaje?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chenye mdomo uliofungwa kwa kitambaa. Nilikijua. Yalikuwa mafuta ya ufuta, aliyoyakamua mwenyewe, yale ambayo kwetu hupakwa mwali siku ya kutolewa ndani, ang'ae watu wote wamwone. Alikuwa amemwekea binti wa dada yake. "Mpake haya," akasema. "Naye ang'ae."

Ningeweza kumwambia kwamba fundi amesema nyonyo. Lakini niliona jinsi alivyokishika kile kibuyu kwa mikono miwili, hata ule wa bega bovu. Isitoshe, moyoni niliona ana haki. Mafuta yaliyo mazuri kwa mwali yatakuwaje mabaya kwa chuma? Nikayachukua.

Siku ya kwanza mashine ilinukia kama maandazi. Siku ya pili siafu walikuja. Siku ya tatu niliona inakwenda haraka kuliko kawaida, na unga unatoka kwa wingi, na wanawake wanafurahi. Nikajiambia, imependa. Nikaongeza ufuta. Ila maji yalianza kuwa shida. Mitungi kumi na minane haikutosha. Ikawa ishirini na mitano, ikawa thelathini na miwili, na siku ya sita ikawa arobaini. Wanawake walilazimika kuteremka mara mbili, na waliorudi wa mwisho walitutazama mimi na mjomba kama watu wanaofuga mbwa mwizi.

Tajiri akaja bandani akasimama mbele yetu, mikono mgongoni.

"Hii mashine inakunywa kijiji," akasema. "Masasi kuna kijito. Mimi nitaipeleka Masasi."

Wanawake wakamzunguka. Mama alisimama nyuma akishika bega lake. Walimsihi, wakamwambia mashine imezoea hali ya hewa ya hapa, wakamwambia huko Masasi itaugua. Mwisho tajiri akainua kidole. Kesho kutwa, akasema, fundi akiwa amerudi, itasaga vikapu ishirini na vinne mbele yake. Ikimaliza kwa mitungi thelathini, inabaki Newala. Ikiomba mtungi wa thelathini na moja, atawaita watu wa kamba.

Njiani kurudi nyumbani mama aliniambia jambo moja tu. "Mchi wetu nilimpa jirani. Itabidi nikamwombe."

Fundi alirudi jioni ya kuamkia siku hiyo, amechoka kwa kula. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito na baridi ile yetu ya mwezi wa saba. Nilipanda juu ya mashine na kopo langu, nikaisukuma bangili kwa kidole. Haikusogea vizuri. Nikasema ni baridi. Nikaimwagia ufuta uliobaki, wote.

Watu walijaa kama siku ya ngoma. Tajiri aliketi kwenye kiti kando ya mlango wa banda. Mama alipewa kazi ya kuhesabu: kila mtungi ukimwagwa, aweke gunzi moja la mahindi kwenye ungo. Fundi alisimama upande wa moto, karibu na gurudumu dogo la kufungia mvuke, kanzu imefungwa kiunoni. Mimi nilikuwa upande wa pili, penye gurudumu kubwa, na katikati yetu ulipita mkanda. Mkanda ukiwa katika mbio hauvukwi, labda na mtu aliyechoka kuishi.

Mashine ikaanza. Vikapu vikamwagwa kimoja kimoja, na magunzi yakaingia unguni moja moja, ila magunzi yalikwenda haraka kuliko vikapu. Kikapu cha kumi na mbili kilipoisha, niliona ungo wa mama kutoka mbali, na nikajua kuwa umejaa kupita kiasi. Tulikuwa nusu ya kazi.

Hapo mwanamke aliyekuwa akimwaga nafaka alisimama kidogo kupokea kikapu kingine. Mawe yakabaki matupu. Mashine, ikiwa haina mzigo, ikaanza kukimbia. Gurudumu kubwa likavuma. Mawe yakalia. Mkanda ukawa unapiga hewa, pa, pa, pa. Na wanawake, wakidhani hiyo ndiyo nguvu ya ushindi, wakapiga vigelegele. Fundi naye kutoka upande wake hakuona vizuri kwa moshi, akawa anamtazama tajiri na kutabasamu.

Mimi nilitazama juu. Mipira ya akida ilikuwa inazunguka mpaka haionekani, lakini mikono yake ilikuwa imebana chini, haipandi hata kidogo. Bangili imeganda. Mlango wa mvuke uko wazi kabisa na hakuna wa kuufunga. Nikaikumbuka ile harufu ya maandazi, na yote yakanijia mara moja: mbio, maji, mitungi arobaini. Ni mimi.

Nikapaza sauti. Sauti yangu mnaijua sasa, haimwamshi hata kuku. "Funga!" nikasema. "Funga mvuke!" Fundi akanipungia mkono kwa furaha.

Ndipo nilipotupa kopo, nikasogea mahali anapoweza kuniona, na mbele ya Newala nzima nikaanza kuzunguka. Nilizunguka kwa nguvu zangu zote, na mikono nimeibana mbavuni kama mtu aliyefungwa kamba. Nikasimama, nikaonyesha juu, nikazunguka tena, mikono imebana. Watu wakadhani furaha imenizidi. Nikasikia jirani yetu akisema, "Leo kafunguka!" Nikazidi kuzunguka.

Fundi akatabasamu, kisha tabasamu likasimama. Akatazama juu. Akalirukia lile gurudumu dogo akalifunga kwa mikono miwili.

Mkanda ulichomoka wakati mashine inapungua. Ulipiga kikapu cha unga kilichokuwa mlangoni, na unga ukapaa kama ukungu wa asubuhi. Ulipotulia, tajiri alikuwa ameketi palepale, mweupe kuanzia kofia mpaka viatu, macho mawili tu yakipepesa.

Hakuna aliyeumia. Kisha fundi akaja upande wangu.

"Wewe! Ilikuwa ngoma gani ile?"

"Mikono haipandi," nikasema.

"Mikono ya nani?"

"Ya akida."

Akapanda, akaishika bangili, akanusa kidole, akakiramba. Akageuka taratibu. "Nilikuambia mafuta gani?"

"Nyonyo."

"Na haya?"

"Ufuta," nikasema. "Nimempaka siku saba. Sikukuambia. Kosa langu."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko niliyowahi kusema mbele ya watu.

"Mafuta ni yangu," mama akasema kutoka penye magunzi, akasimama. "Ni ya mwali. Nilimpa mimi. Ningempa mafuta ya vidonda, mtu anayetusagia unga?"

"Mama, huyu si mtu!"

"Anakula kuni, anakunywa maji, anatuamsha asubuhi kwa kelele. Amepungukiwa nini?"

Fundi akacheka mpaka akashika mashine, akaungua, akaendelea kucheka huku akipuliza vidole. "Wamakonde! Niliwaachia mashine siku saba, mmeichezea unyago! Ufuta mzuri kwa ngozi, mama yangu, lakini ukipata joto la mvuke kila siku unageuka utomvu wa mpira. Tazama!" Akavuta kidole kutoka kwenye bangili, na uzi mrefu wa mafuta ukafuata. Nusu ya watu waliokuwa pale wamewahi kugema mpira porini. Walielewa kuliko nilivyoelewa mimi kwa vibuyu.

"Magunzi mangapi?" tajiri akauliza, unga ukimtoka ndevuni.

"Kumi na tisa," mama akasema. "Na vikapu kumi na viwili vimebaki."

"Yamebaki maji ya mitungi kumi na mmoja," tajiri akasema. "Mimi neno langu ni lile lile."

Kusafisha bangili kulihitaji maji ya moto na majivu, na maji hayo nayo yalihesabiwa. Mama mwenyewe aliweka gunzi la ishirini, bila kupendelea. Nilisugua. Sijawahi kusugua kitu vile, hata meno yangu. Jirani alikimbia kwake akaleta nyonyo kwenye kifuu. Nilipaka kidogo kama fundi alivyonionyesha, nikaisukuma bangili kwa kidole, nayo ikapanda na kushuka yenyewe, laini, kama koo la mtu anayemeza.

Tukarudisha mkanda. Fundi akafungua mvuke. Mipira ikaanza kuzunguka, ikainua mikono yake pande zote mbili, ikakaa hapo. Kikapu kikimwagwa inashuka kidogo, mawe yakiwa matupu inapanda kidogo. Mlio ukawa ule wa zamani, ambao nilikuwa nimeusahau kwa siku saba nikidhani kelele ni furaha.

Watu waliacha kutazama mashine, wakawa wanatazama ungo. Gunzi la ishirini na nne. La ishirini na sita. Kikapu cha mwisho kilikuwa cha mama. Kilipoanza kusagwa kulikuwa na magunzi ishirini na nane, na fundi akatazama kipimo cha maji, akasema, "Mmoja zaidi." Mtungi ukamwagwa. Mama akaweka gunzi la ishirini na tisa, akaubana ungo magotini.

Unga wa mwisho ulitoka. Mawe yakawa matupu, mipira ikapanda kidogo, na mashine haikukimbia.

Mtungi wa thelathini ulikuwa bado umejaa, kando ya mlango. Tajiri alisimama, akautazama, akamtazama mama, akaomba kata. Alichota akanywa, akachota tena, maana unga ulikuwa umemkaukia kooni tangu mchana.

"Basi," akasema. "Huu wa thelathini nimekunywa mimi. Mashine inabaki."

Vigelegele vya safari hii vilikuwa vya haki. Jirani alipiga kelele, "Mwali katoka!" na wote wakaitikia, na jina hilo likabaki. Sasa hakuna anayesema akida tena. Watu husema, "Mwali leo anasaga?" Fundi huwaambia wageni kutoka Masasi kwamba Newala hata mashine lazima ipitie unyago, na mimi humwacha aseme.

Mama alitwaa kikapu chake cha unga akakiweka kichwani. Mchi hakwenda kuuomba. Alipopita karibu yangu aliniambia kimya kimya, "Umezunguka vizuri, ila mikono ungeinyoosha." Hakuelewa hata kidogo, au alielewa vyote. Mpaka leo sijui.

Mwaka mmoja umepita, na bado mimi ndiye ninayeitunza ile mipira miwili. Nyonyo inafaa, lakini nayo katika baridi ya mwezi wa saba huwa nzito asubuhi, na kila nikisukuma bangili kwa kidole naogopa kidogo. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma, kama mko karibu na mashine yoyote, ya pamba au ya katani au ya kusaga, hata kama ni mbali na pwani, niandikieni. Nielezeni mnapaka mafuta gani wakati wa baridi, na kama mipira yenu nayo huganda. Andikeni hata mistari miwili, na hata kama mwandiko wenu ni mbaya kama wangu. Nitajibu kila mmoja. Ila mnivumilie, maana naandika polepole.